Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari



Kila tunapokwenda mbele ya mwajiri kuomba nyongeza, jibu ni lile lile: "Hiyo ndiyo bei ya kazi hapa kwetu. Asiyetaka, mlango uko wazi." Nasi tunanyamaza. Tunanyamaza si kwa kuwa tumeridhika, bali kwa kuwa hatuna la kujibu. Bei ya kazi hapa kwetu ni ngapi? Dereva wa lori la kahawa Muyinga anapata nini, na dereva wa ofisi ya komine anapata nini? Mlinzi wa ghala Gitega analipwa nini, na mlinzi wa soko analipwa nini? Mwajiri anajua, maana ana karani, ana simu, na ana waajiri wenzake anaokaa nao jioni. Sisi tunajua mshahara wa mtu mmoja tu, yaani wetu wenyewe, na hata huo tunauficha kama mtu anayeficha kidonda.

Katika ukurasa huu tunataka kusema jambo moja: mshahara usiojulikana haudaiwi. Na njia ya kuujua ipo. Siku hizi ziko daftari kubwa za mishahara zilizowekwa kwenye intaneti, ambamo mtu anaweza kutafuta kazi fulani katika mji fulani akaona inalipwa kiasi gani. Zilizo na faida kubwa kwetu ni zile zinazoonyesha mishahara ya kazi za serikali za miji na komine. Baadhi yetu watashangaa: sisi watu wa viwandani na mashambani, mishahara ya ofisi ya komine inatuhusu nini? Inatuhusu sana, na tutaeleza kwa nini.

Kwanza, kazi zenyewe ni ndugu wa kazi zetu. Komine ina madereva, walinzi, wafagiaji wa soko, makarani, waashi na watunza ghala. Kiwanda cha kukoboa kahawa kina watu hao hao. Jasho la mlinzi halibadilishwi na jina lililoandikwa mlangoni.

Pili, fedha ya komine si fedha ya mtu binafsi. Inatokana na kodi: kodi ya soko, kodi ya ng'ombe anayeuzwa, kodi ya duka. Bajeti yake hupitishwa na baraza la komine lililochaguliwa na wananchi. Mwenye kiwanda anaweza kusema hesabu zake ni siri ya nyumba yake. Komine haiwezi kusema hivyo. Anayelipa kodi sokoni ana haki ya kuuliza yule anayeitoza analipwa kiasi gani.

Tatu, mwajiri binafsi hutazama mshahara wa serikali anapopanga wa kwake. Akiona uko chini, hufurahi, nasi hutuambia: "Hata komine hawalipi zaidi ya hapo." Kama ndivyo, basi nasi tuutazame kwa macho yetu wenyewe, tuhakikishe kama asemalo ni kweli.

Tutoe mfano wa nchi za mbali ili ionekane kwamba jambo hili si mchezo wa watu wa kompyuta. Katika jimbo la California, Marekani, uko mji mdogo uitwao Bell, wenye wakazi takriban 36,000, wengi wao wafanyakazi wa kipato cha chini na wahamiaji. Mwezi wa Julai 2010 gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba mkurugenzi wa mji huo, Robert Rizzo, alikuwa analipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka. Mshahara huo ulimzidi Rais wa Marekani, ambaye hulipwa dola 400,000. Wakazi walijaa kwenye baraza la mji wakidai viongozi wajiuzulu. Kesi ikafika mahakamani, na mwaka 2014 Rizzo akahukumiwa kifungo cha miaka 12.

Lakini kilicho na faida kwetu si kifungo cha mtu mmoja. Faida iko katika yaliyofuata. Mwaka huo huo wa 2010 msimamizi wa hesabu za jimbo, John Chiang, aliziamuru serikali za miji na wilaya zote za California zimpelekee orodha za mishahara yao, akaziweka kwenye intaneti ili kila mtu azisome bure. Tangu hapo mfagiaji wa mji mmoja anaweza kuona mfagiaji wa mji wa jirani analipwa nini, na chama chake kinaweza kuingia kwenye mazungumzo kikiwa na karatasi mkononi. Mshahara wa Rizzo uliongezeka mwaka baada ya mwaka huku watu wa Bell hawaujui.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Marekani peke yake. Taasisi ya WageIndicator, iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 2000, hukusanya habari za mishahara ya nchi nyingi, zikiwamo nchi za Afrika. Mfanyakazi hujaza maswali bila kutaja jina lake: kazi gani, saa ngapi, malipo kiasi gani. Majibu hukusanywa pamoja, na kutokana nayo hutolewa viwango vya kila kazi. Mwaka 2012 uchunguzi wao ulifanywa hapa Burundi pia. Haukufanywa kwa kompyuta, maana wengi wetu hatukuwa nayo, bali kwa watu kuulizwa ana kwa ana na majibu kuandikwa kwenye karatasi. Hapo tupate funzo: daftari la intaneti huanzia kwenye karatasi na kalamu, na maswali yake hata asiyeenda chuo anaweza kuyajibu.

Tuvuke mpaka wa Kobero twende kwa jirani zetu Watanzania. Halmashauri za wilaya huko zinapotangaza kazi, huandika ngazi ya mshahara ndani ya tangazo lenyewe. Nafasi ya Mtendaji wa Kijiji daraja la III huandikwa kwamba ni ya ngazi ya TGS B. Anayeomba kazi anajua tangu siku ya kwanza, na jirani yake anajua vile vile. Kwa wafanyakazi wa sekta binafsi, serikali hutoa amri ya mishahara ya chini kwa kila aina ya kazi. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kilimo, na 150,000 kwa wa viwanda na biashara. Amri kama hizo zilitolewa pia mwaka 2010, 2013 na tena 2025. Hatusemi kwamba Mtanzania ameshiba. Tunasema kwamba namba yake huandikwa upya, hutangazwa, na yeye huijua.

Kenya nayo, kwa Katiba ya mwaka 2010, iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, ambayo hupanga malipo ya viongozi wa serikali na kutoa ushauri juu ya mishahara ya watumishi wengine wa umma, na maamuzi yake hutangazwa hadharani. Na amri yao ya mishahara ya chini hugawa nchi kwa maeneo. Kwa amri ya mwaka 2022, kibarua wa kawaida katika miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa aliwekewa shilingi 15,201 na senti 65 kwa mwezi, na yule wa sehemu za mashambani shilingi 8,109 na senti 90. Tuishike habari hii ya mji na shamba, maana sisi wa Gitega na Muyinga inatugusa hasa.

Sasa turudi nyumbani. Mshahara wa chini wa Burundi uliwekwa kwa amri ya waziri ya mwezi wa Aprili 1988. Amri hiyo ilisema: kibarua wa Bujumbura na Gitega alipwe faranga 160 kwa siku, na kibarua wa sehemu nyingine zote za nchi alipwe faranga 105. Yaani Gitega ilihesabiwa kuwa mji, na Muyinga ikahesabiwa kuwa shamba. Kwa kazi ile ile, siku ile ile, mtu wa Muyinga alipungukiwa faranga 55. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi, Gitega ilipata 4,160, na Muyinga 2,730.

Mwaka 1988 dola moja ilikuwa karibu faranga 140. Kwa hiyo kibarua wa Gitega alipata zaidi kidogo ya dola moja kwa siku, na wa Muyinga kama robo tatu ya dola. Miaka ikapita. Vita vikaja na kwenda, bei zikapanda, noti mpya zikachapwa, lakini zile namba zikabaki pale pale. Mwaka 2020 nchi ilipata Kanuni mpya ya Kazi badala ya ile ya 1993, na namba za 1988 zilikuwa bado hazijaguswa. Mwezi wa Mei 2023 faranga iliposhushwa thamani, dola moja ikapita faranga 2,800. Ukizihesabu zile faranga 160 kwa bei hiyo, hazifiki senti 6 za dola.

Ndugu zetu, hakuna anayeweza kuishi kwa faranga 160, na waajiri wenyewe wanajua hivyo, ndiyo maana hulipa zaidi. Lakini hulipa zaidi kwa kiasi gani? Hapo ndipo penye hatari. Sheria inapoacha namba iliyokufa, mwajiri husema: "Mimi nalipa mara nyingi kuliko sheria inavyotaka." Na asemalo ni kweli! Ukisimama juu ya namba ya 1988 kudai haki, utashindwa kabla hujafungua kinywa. Lazima tupate namba nyingine ya kusimamia, namba iliyo hai, na ya karibu zaidi ni mishahara halisi inayolipwa leo katika mji wetu kwa kazi zinazofanana na zetu. Ndiyo sababu tunasema tuanze na komine.

Na wakati wenyewe ni huu. Kwa mpango mpya wa utawala ulioanza kutumika baada ya uchaguzi wa 2025, mikoa 18 ya Burundi imekuwa 5, na komine 119 zimekuwa 42. Muyinga, iliyokuwa mkoa, sasa ni komine ndani ya mkoa wa Buhumuza pamoja na sehemu za Cankuzo na Ruyigi. Gitega imebaki jina la mkoa, nayo tangu mwaka 2019 ni mji mkuu wa kisiasa wa nchi. Komine karibu tatu zinapoingia katika moja, daftari zao za mishahara hukutana juu ya meza moja. Mfagiaji wa komine moja ya zamani na mfagiaji wa nyingine sasa wana mwajiri mmoja. Kama walikuwa wakilipwa tofauti, tofauti hiyo itasawazishwa kwa njia gani: kwa kumpandisha wa chini, au kwa kumshusha wa juu? Jibu litategemea ni nani aliye na orodha. Tukikaa kimya, itaandikwa bila sisi.

Lakini orodha ya mishahara ni kama panga: huchimba magugu, na hukata kidole cha asiyejua kulishika. Kwa hiyo kabla ya kuitumia, iwe ya intaneti au ya karatasi, tuulize maswali matano.

Swali la kwanza: ni kazi gani hasa? Tusitazame jina, tutazame kazi yenyewe. "Karani" wa komine anaweza kuwa mtu wa diploma anayeandika mikutano ya baraza, na "karani" wa kiwanda cha kuoshea kahawa akawa kijana anayepima kilo kwenye mzani. Na kinyume chake: "kibarua" wa kiwandani anaweza kuwa fundi wa mashine kwa miaka kumi, ila hajaandikiwa ufundi wake. Tuandike mtu anafanya nini kuanzia asubuhi hadi jioni, kisha tulinganishe.

Swali la pili: ni kwa saa ngapi? Hapa wengi wetu hudanganyika. Tufanye hesabu ya kujifunzia. Mlinzi mmoja analipwa faranga 120,000 kwa mwezi, anakesha usiku 22, saa 8 kila usiku. Hizo ni saa 176, sawa na faranga 682 kwa saa. Mwenzake analipwa 150,000, nasi tunamwonea wivu. Lakini anakesha usiku 30, saa 12 kila usiku. Hizo ni saa 360, sawa na faranga 417 kwa saa. Nani kati yao amepata? Daima tugawanye mshahara kwa saa kabla ya kusema ni mkubwa au mdogo.

Swali la tatu: ni kabla ya makato au baada yake, na kuna nini pembeni? Mmoja anapewa fedha taslimu bila kitu kingine. Mwingine anapewa pungufu, lakini mwajiri wake anamlipia INSS, anatibiwa akiugua, na ana likizo ya malipo. Siku ya uzee ikifika, mmoja ana pensheni na mwingine ana fimbo tu. Malipo ya pembeni ni mshahara pia, nayo yaandikwe katika safu yake.

Swali la nne: ni ya mwaka gani na ya mahali gani? Namba ya 2019 si ya leo, hasa baada ya faranga kushuka. Namba ya Bujumbura si ya Muyinga. Namba ya Ngara imeandikwa kwa shilingi, na bei ya maharage ya Ngara si ya kwetu. Orodha isiyo na mwaka wala mahali tuiweke kando, hata kama imeandikwa kwa rangi nzuri.

Swali la tano: ni wastani au ni mshahara wa katikati? Hili waajiri hulipenda, kwa hiyo tulielewe vizuri. Wafanyakazi 9 wanalipwa faranga 100,000 kila mmoja, na mkubwa wao mmoja analipwa 1,100,000. Ukijumlisha zote ni 2,000,000. Ukigawa kwa watu 10, wastani ni 200,000. Mwajiri atatangaza: "Hapa kwangu wastani ni laki mbili!" Lakini hakuna hata mmoja anayepata laki mbili. Ukiwapanga watu kwa mstari kuanzia mdogo hadi mkubwa na kumtazama aliye katikati, utaona 100,000, na huo ndio ukweli wa mahali hapo. Kwa hiyo tuulize siku zote wa katikati ni ngapi, na wa chini kabisa ni ngapi.

Tunajua yako maneno yatakayosemwa kupinga jambo hili, na mengine yatasemwa na wenzetu wenyewe. Tuyajibu.

Wa kwanza watasema: "Intaneti ni ya wasomi wa mjini. Sisi hatuna hata moto wa kuchaji simu." Ni kweli kwamba wengi hatuna. Lakini hatuhitaji kila mtu awe nayo. Katika kila tawi hakosekani kijana mmoja mwenye simu ya intaneti. Asome yeye, aandike kwenye karatasi, na karatasi isomwe mkutanoni kwa Kirundi na Kiswahili. Redio ya mtaa mzima ilikuwa moja, na habari zilitufikia wote.

Wa pili watasema: "Mshahara wa komine ni mdogo na huchelewa. Tukijilinganisha nao tutajishusha." Jibu letu ni kwamba tunaulinganisha ili tuutumie kama sakafu, wala si kama dari. Kiwanda kinachouza kahawa nchi za nje kwa dola hakiwezi kujivunia kulipa chini ya komine inayoishi kwa kodi ya nyanya. Na pale komine inapolipa vibaya kuliko kiwanda, basi orodha hiyo hiyo tuwape wenzetu wa komine, waitumie kwa madai yao. Siku yao ikiwa njema, na yetu itafuata. Mwajiri angependa sana sisi tuseme "wale wa serikali" na wao waseme "wale wa kiwandani". Sote tunanunua mchele katika soko moja.

Wa tatu watasema: "Mishahara ni siri. Tukiisema italeta wivu na fitina." Fitina ipo tayari, ndugu zetu. Ipo kwa sababu kila mtu anadhani mwenzake amependelewa. Mwenye kufaidika na siri ni yule anayeweza kumlipa mmoja 3,000 kwa siku na mwingine 2,500 kwa kazi ile ile, akamwambia kila mmoja: "Usimwambie mtu, nimekupendelea wewe." Tukiziweka namba mezani bila majina, wivu utakosa mtu wa kumshika, na swali litamrudia mwenye kulipa.

Wa nne, na hawa tunawaheshimu zaidi, watasema: "Tutaonekana, tutafukuzwa." Hofu hii ina sababu, hasa kwa vibarua wa msimu wasio na mkataba. Kwa hiyo kazi hii tuifanye kwa akili. Jina lisiandikwe. Namba ya kazi isiandikwe. Tawi lisitoe namba ya mahali penye mfanyakazi mmoja tu wa aina yake, maana hata bila jina atajulikana. Atakayezungumza na mwajiri ni chama, wala si mtu mmoja. Haki ya kuwa na chama iko katika Katiba na katika Kanuni ya Kazi, na Burundi imetia saini mikataba ya Shirika la Kazi Duniani inayoilinda haki hiyo.

Sasa tufanye nini? Tunapendekeza mambo manne, na yote yanawezekana bila kungoja msaada wa mtu.

La kwanza: kila tawi la Gitega na Muyinga linunue daftari moja, lipigwe mistari ya safu saba: kazi inayofanywa, mahali, saa kwa siku na siku kwa mwezi, malipo ya fedha, makato, malipo ya pembeni, na mwezi na mwaka wa kuandika. Mwanamume au mwanamke iandikwe pia katika safu ya kwanza, maana wanawake wanaochambua kahawa mbichi kwenye meza za kukaushia ndio wanaosahauliwa kila mara. Katiba inasema kazi sawa ilipwe mshahara sawa. Daftari litatuonyesha kama maneno hayo yamefika mpaka kwenye meza za kahawa.

La pili: tuanze na kazi tano zinazopatikana kote, yaani mlinzi, dereva, mfagiaji, karani na mwashi. Upande mmoja tuandike za komine, upande mwingine za viwanda na mashamba. Kwa upande wa komine, tuwaulize wenzetu wanaofanya kazi huko, na pia tumwombe diwani wetu aliyepigiwa kura atusomee bajeti ya mishahara. Hatutafuti siri ya mtu. Tunauliza fedha ya wote imekwenda wapi.

La tatu: tukutanishe daftari za Gitega na Muyinga kabla ya msimu wa kahawa kuanza, maana mavuno huanza kuiva karibu na mwezi wa Machi, na vibarua wakishaandikwa ni vigumu kubadili bei. Hapo ndipo tutakapoona kama ule mpasuko wa 1988, wa 160 kwa 105, bado unaishi chini ya majina mapya. Kama mtu wa Muyinga bado analipwa theluthi mbili ya mtu wa Gitega, na chumvi na sabuni anazinunua kwa bei ile ile, basi hilo litakuwa dai letu la kwanza.

La nne: vyama vyetu vikubwa, COSYBU na vinginevyo vinavyokaa kwenye meza moja na serikali na waajiri, tuvipelekee hesabu hizi ziwe silaha ya kudai mshahara wa chini mpya, unaopitiwa kila baada ya muda uliowekwa. Wakubwa wetu wa Bujumbura hawawezi kutusemea kwa nguvu kama hawana namba zetu. Na orodha ikikamilika, iwekwe kwenye intaneti pia, bila majina, ili mfanyakazi wa Ngozi au Rumonge naye aisome na kuongeza ya kwake.

Hatuwadanganyi kwamba daftari litaongeza mshahara lenyewe. Karatasi haijawahi kumlisha mtu. Mji wa Bell haukupona kwa sababu namba zilichapwa. Ulipona kwa sababu watu walizisoma, wakatoka majumbani mwao, wakajaza ukumbi wa baraza. Na sisi kazi yetu ya pili, baada ya kuandika, itakuwa kwenda pamoja. Lakini wanaokwenda pamoja bila hesabu hurudishwa kwa maneno matamu, na hilo tumeliona mara nyingi.

Basi, ndugu, mkutano ujao wa tawi kila mmoja aje na karatasi yake ya mshahara. Asiyepewa karatasi aje na hesabu yake kichwani, nasi tutaiandika. Makatibu wa matawi ya Gitega na Muyinga wanaombwa kuwa na daftari tayari siku hiyo, na kuchagua watu wawili wa kulitunza, mmoja wao awe mwanamke.

Umoja ni nguvu.